Joho la Kuitia Hamu

Jumatatu, 3 Machi
Mtihani wa kuingia chuo kikuu ni Jumamosi. Kitabu cha historia kiko juu ya cherehani, kimefungwa. Tunatazamana kama mahasimu waliokutana msibani.

Tatizo si akili. Akili ninayo, muulize yeyote niliyewahi kubishana naye. Tatizo ni hamu. Mtaalamu mmoja redioni kasema hamu ya kusoma lazima itoke ndani ya mtu. Ndani wapi? Kwenye figo? Nimejipekua asubuhi nzima. Nimekuta hasira tele, na njaa.

Binti yangu anafanya mtihani huohuo. Anasoma kwenye meza ya kukatia vitambaa, kidole kikifuata mstari. Nimemuuliza hamu anaitoa wapi. Akasema hana hamu yoyote, baba, anakaa tu. Anakaa tu! Ndiyo maana elimu imekufa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Nimeshona majoho ya mahafali tangu binti huyu hajazaliwa. Nimewavisha mahakimu, madaktari, na zuzu mmoja ambaye leo ni mkuu wa idara. Wote nimewapima mabega, nikawapigia pasi, nikawasindikiza kwa macho mpaka kona. Mimi sijawahi kuvaa hata moja. Ndiyo miiko ya kazi yetu: fundi havai joho la mteja, hata kwa kujaribu tu.

Basi nitajishonea langu. Likining'inia mbele yangu, hamu itakuja yenyewe. Mke wangu kauliza kwani hamu haiji kwa mtu aliyevaa kaptula. Nikachukua mkasi.

Jumatano, 5 Machi
Mtu hawezi kujipima mgongo. Nimejaribu, nikajifunga futi shingoni. Binti kaja kunipima, kitabu kwapani, akinong'ona sababu za kuanguka kwa dola fulani. Akasema umekonda, baba.

Mikono yake ilipopita mabegani, nilifumba macho. Nikatuona tukiingia getini pamoja, mimi na yeye, kila mmoja na mkoba wake, mlinzi akitusalimia wote wawili. Nilitamani mno. Nilitamani kiasi cha kushindwa kusoma.

Alhamisi, 6 Machi
Kola imekaa upande. Nimefumua.

Nimesoma ukurasa wa kwanza! Mwandishi anasema wakoloni “walifika”. Walifika! Kama wageni wa harusi! Nikamwandikia mchapishaji barua kali, ndefu kuliko sura yenyewe. Nilipomaliza nilikuwa hoi. Ukurasa wa pili umenisubiri bure.

Ijumaa, 7 Machi
Joho limekwisha. Nimelivaa, nikasimama mbele ya kioo cha wateja. Nikamwona mtu niliyekuwa namngoja maisha yangu yote. Nikampa heshima zake.

Kukazuka jambo nisilolitarajia. Yule wa kwenye kioo ameshahitimu. Ana haja gani ya kusoma?

Binti kaja kuomba tuulizane maswali. Nikamwambia baadaye kidogo, mwanangu. Kasimama mlangoni, kanitazama nilivyojigeuza huku na huku, kaenda kwa mama yake. Nikawasikia jikoni, sufuria zikilia, mama anauliza, mtoto anajibu. Sasa mke wangu anajua dola ile ilianguka kwa nini. Mimi sijui.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa nyuma ya binti kwenye chumba cha mtihani. Swali la kwanza: eleza faida walizoleta wakoloni. Faida! Damu ikanichemka. Nikalishambulia swali, nikamshambulia aliyelitunga, na shule aliyosomea. Nilipoinua kichwa, msimamizi anakusanya karatasi. Maswali mengine sijayagusa.

Wakati wote huo nilikuwa nikiona kisogo cha binti yangu, kimeinama, kimetulia. Nilitaka kuwa popote alipokuwa.

Nje akasema lile la dola lilikuwa rahisi, au siyo, baba? Nikasema rahisi sana. Akanishika mkono kunivusha barabara. Sikuutoa.

Jumapili, 9 Machi
Imekuja! Hamu imekuja!

Binti kafunga vitabu vyake kwenye boksi, kaenda kwa shangazi yake kupumzika. Meza ya kukatia iko wazi. Nimekaa kwenye kiti chake, na hapo ikanijia, kifuani, nzito, ya moto. Nataka dola zote, mikataba yote, wafalme wote na ndugu zao waliowapindua. Laiti ningekuwa na kiu hii wiki nzima! Mtihani mwingine ni mwakani. Yeye atakuwa ameshaingia. Nitamkuta ndani, atanionyesha maktaba iko wapi.

Mke wangu kachungulia, kasema kama imekuja basi fungua boksi usome, nani kakuzuia?

Mwanamke huyu! Kitu nimekitafuta hivi, nimekipata leo, bado kibichi. Nimefunga mlango, nimefumba macho, nimetulia tuli nisije nikaimwaga. Hamu safi namna hii haifai kuharibiwa kwa kusoma.