Chini ya Mwavuli Mmoja na Mama Mukwe

Jumapili, tarehe 12 Januari
Leo nimemshinda Franck. Kabisa. Yeye anaimba kwenye kwaya, ana viatu vya kung'aa, na anamtaka Bénie wangu. Mimi nina mwavuli. Umetoka Mokambo, kwa dada Kasonde anayevuka mpaka kila juma. Mpini wa mbao, njiti kumi na sita, unafunika bantu watatu na nafasi inabaki.

Misa ilipokwisha, mvula ikashuka bila kubisha hodi. Watu wakasongamana barazani. Mama Ngalula, mama yake Bénie, akatoka peke yake. Nikamfuata kwa nyuma, nikabonyeza kifungo, pwaa, nikamfunika. Bega kwa bega mpaka kwao Bel-Air. Kwenye dimbwi nilimshika hata kiwiko. Alijifunika uso kwa kitambaa. Nadhani alilia kwa furaha. Bénie alikuwa nyuma, amelowa chepechepe, akinipungia mikono yote miwili. Kunisifu, bila shaka.

Jumatatu, tarehe 13
Papa Clément, baba yake Bénie, ameniita. Alisema kwao Kasai mwanaume anayetaka kuoa hamkaribii mama mukwe. Hamgusi, hali chakula mbele yake. Mimi nimetembea naye chini ya parapluie moja, parokia nzima ikiangalia. Aibu hiyo inaoshwa kwa mbuzi. Jike, tena nzima.

Hata kwetu, Baluba wa kaskazini, desturi ni hiyo hiyo. Naijua tangu utoto. Lakini sijapeleka mahari, nikaona hainihusu.

Mbuzi kwa kumkinga mtu mvula! Sitoi.

Jumatano, tarehe 15
Akili ni mali. Nimeandika barua, kurasa mbili, Kifaransa kizito. Mbuzi hutolewa na mukwe. Mimi si mukwe. Sikuwahi kuwa mukwe. Kwa hiyo hakuna mbuzi. Chini ya "sikuwahi" nimepiga mistari miwili.

Jioni Franck alipita kunipa pole. Aliisoma, akasema iko muzuri sana, nisiguse hata koma. Akajitolea kuipeleka mwenyewe. Kijana wa heshima, nilimdhania vibaya. Mawingu yalikuwa yamejaa, nikamwazima mwavuli ili barua isilowe.

Ijumaa, tarehe 17
Jibu la Papa Clément, mstari mmoja tu: amekubali, mimi Guelord si mukwe wao, mbuzi haitakiwi. Nimeshinda tena! Nimekula bukari na kapenta, sahani mbili. Mwavuli bado haujarudi.

Jumapili, tarehe 19
Mvula tena. Niko kwenye baraza la kanisa, mikono mitupu. Naona mwavuli wangu unashuka ngazi. Chini yake Franck. Kando yake, bega kwa bega, Mama Ngalula. Nikafurahi: leo na yeye atakiona. Niliwafuata mpaka Bel-Air, nimelowa mpaka mifupa, ili nishuhudie aibu yake.

Mlangoni pa parcelle, kiwanja chao, mbuzi jike ilikuwa imekwisha kufungwa, kwa kamba mpya. Franck aliileta asubuhi, kabla ya misa. Papa Clément akamkumbatia, akamwita mukwe mbele ya majirani.

Bénie alinivuta pembeni. Macho mekundu. Alisema wazazi wake hawawezi kumtoza mbuzi mtu wasiyemtaka kwa binti yao. Kuniomba mbuzi ilikuwa ni kunikubali. Bénie mwenyewe alimsihi baba yake anipe siku chache, lakini ile mistari miwili ilimfunga mdomo yeye. Akaniuliza kama kweli sikuwahi. Nikashika njia ya kwetu. Nimelia njia nzima, na kwa mvula ile hakuna aliyejua.

Jumanne, tarehe 21
Franck amerudisha mwavuli. Njiti mbili zimepinda. Nimezinyoosha.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Barua ilichelewa. Siku tatu baada ya mvula, watu wamekwisha kukasirika, nani atasikiliza hoja? Sasa kuna Christiane wa Karavia, binti mpole, macho mazuri. Mama yake hatembei na parapluie. Jumapili nitamsindikiza huyo mama. Barua nimekwisha kuiandika, nimeacha nafasi ya jina tu. Nimeifunga kwenye plastiki, iko mfukoni mwa koti la misa.