Nyota Yangu Ilipiga Kona

Leo nimejiaibisha mbele ya jumuiya nzima, mbele ya katekista, na mbele ya mama yangu mzazi. Nawaandikia nikiwa zizini. Ndiyo, nimejificha na ng'ombe. Kila anayepita barabarani anapaza sauti: "Mtaalamu! Kesho nyota inapanda saa ngapi?"

Ngoja niwaeleze vizuri, kabla hamjasikia kwa Mama Kelvin.

Mnajua kazi yangu ilikuwa kupandisha wageni Kilimanjaro, mpaka goti likagoma. Mgeni mmoja wakati wa kuagana akanizawadia darubini ndogo ya kutazamia nyota, ya miguu mitatu. Nzuri sana, ila inaonyesha vitu juu chini. Mgomba unauona umesimamia majani. (Kumbukeni hilo. Mimi nililisahau.)

Sasa binti yangu Anjela ameshika kazi hiyo hiyo. Safari hii ndiyo ya kwanza kwake kufikisha wageni kileleni akiwa mwongozaji msaidizi. Mimi ndiye niliyemruhusu. Mama hakutaka hata kusikia. "Mtoto wa kike, usiku, kwenye baridi ile, ameacha nini huko?"

Tangu Anjela apande, Mama hali vizuri, halali, na mimi hanisemeshi. Akitaka kuniambia kitu anamwambia ng'ombe. "Mwambie mwenye nyumba majani yamekwisha." Na mwenye nyumba nimesimama hapo hapo! Mchana kutwa anakaa kibarazani na binokula zangu za zamani shingoni, anautazama mlima. Wingu likifunika, anashika rozari. Likifunguka, anashika binokula.

Na mimi nisijifanye shujaa. Usiku wa kuamkia leo ndio waliokuwa wanapanda kileleni, na sikupata hata lepe la usingizi. Ile njia naijua. Najua inavyowafanya watu.

Basi juzi ikaja habari ya nyota yenye mkia. Redio inasema, simu zinasema: alfajiri, upande wa mashariki, hata kwa macho matupu inaonekana. Nikasema hapa hapa! Nitamtoa Mama mawazo, huenda hata akanisamehe. Nikatangaza kwenye kundi la jumuiya: Jumapili, kabla ya misa ya kwanza, tukutane uwanja wa mpira, mtaalamu atawaonyesha. (Neno mtaalamu niliandika mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.)

Jamani, walikuja! Nadhani nusu ya watu wa hapa kwetu Uru walikuwa pale. Katekista na suti yake ya Jumapili. Jirani yangu Mama Kelvin na chupa ya chai. Mama naye akaja, amejifunga blanketi, binokula shingoni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba," akaliitikia goli la mpira.

Giza bado, na ukungu kidogo. Mlima hauonekani kabisa. Nikazungusha darubini huku, nikazungusha kule. Mara, huyo hapo! Mwanga! Juu angani, kichwa kinang'aa, na nyuma yake mkia wa vinukta vinukta umejipinda vizuri. Moyo ulinipasuka kwa furaha.

"Nimeipata!"

Katekista akatazama wa kwanza. Akavua kofia. "Utukufu kwa Mungu!" Akaanzisha wimbo wa shukrani pale pale, akina mama wakapiga vigelegele. Nilijisikia mkubwa kuliko paroko.

"Inatembea!" Mama Kelvin akapiga kelele, jicho kwenye darubini. "Tena inashuka!"

"Ndiyo," nikamjibu nimeinua kidole. "Inashuka kulifuata jua." (Sijui niliyatoa wapi.)

"Mbona mkia umekatika?"

"Kawaida. Ni barafu inayeyuka."

Watu wakatikisa vichwa. Mtu amesoma huyu! Ndipo Mama akainua binokula zake, akaelekeza pale pale. Akatazama muda mrefu.

"Katekista," akasema, "hebu mwulize mtaalamu. Nyota inapiga kona?"

"Mama, hiyo ni kwa sababu ya..."

"Katekista, mwulize tena. Kwenye bomba lake inashuka. Kwangu inapanda. Na sasa hivi imesimama, inapumzika."

Inapanda. Inapiga kona. Inapumzika. Hiyo kona nimeikanyaga mimi miaka na miaka! Nimewashika watu mkono kwenye hiyo kona, nimewapa maji, nimewadanganya kwamba tumekaribia. Na ukungu nao, kana kwamba ulikuwa unanisubiri, ukaachia. Anga likaanza kupauka, Kibo ikajitokeza taratibu, na nyota yangu ikaonekana iko kifuani mwa mlima.

Tochi za kichwani. Wapanda mlima, mmoja nyuma ya mwingine.

"Yeleuwi!" Mama Kelvin akashika kiuno. "Tumewapigia watalii vigelegele!"

Katekista akavaa kofia yake polepole. Mzee mmoja wa nyuma, ambaye masikio yamechoka, aliendelea na ubeti wa mwisho peke yake mpaka akaumaliza. Ardhi ilikataa kupasuka, niliiomba.

Mama Kelvin alicheka mpaka akageuka kutafuta pa kuegemea. Halafu akanyoosha kidole. "Na ile je?"

Tukageuka wote. Mashariki, juu kidogo ya migomba, nyota yenyewe! Mkia mrefu mweupe umetandazwa, unaanza kufifia kwa mapambazuko. Ilikuwa pale muda wote. Sisi tulikuwa tumekodolea kaskazini. Kwa maelekezo yangu!

Nikageuza darubini haraka, wakaiona mmoja mmoja, na wengine wakakodoa kwa macho yao tu. Ilikuwa nzuri, jamani, sina namna ya kuieleza. Katekista akataka kuanza wimbo, akanigeukia kwanza. "Hii una uhakika nayo?"

Mama peke yake hakugeuka.

"Mama, nyota iko huku."

"Nyota kaeni nayo. Yule wa mbele anasimama, anageuka kuwamulika wenzake, halafu anaendelea. Ni Anjela yule."

"Mama, kwa umbali huu mtu huwezi kumjua."

Akashusha binokula. Akanitazama mimi, usoni. Si ng'ombe, si goli. "Wewe umeshindwa kuujua mlima mzima. Usinifundishe mjukuu wangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi, mtu mzima mwenye goti bovu, machozi yakanilenga. Mama amenisemesha! Amenitukana mbele ya watu, na nilikuwa namshukuru Mungu.

Baada ya misa, tukiwa kibarazani, simu ikaita, nikaiweka spika. Anjela, ameshateremka kambini, sauti imekauka lakini anacheka. "Baba! Tumefika wote! Nilikuwa mbele, kuna mgeni alikuwa anachoka, ikabidi kila mara nisimame nimmulikie." Nikamtazama Mama. Akagongagonga binokula zake kwa kidole. "Halafu Baba, tumeona nyota yenye mkia kule juu! Nyie mmeiona?"

Mama akaninyang'anya simu. "Sisi tumekuona wewe," akamwambia.

Akanipa simu, akaomba mtori. Akamaliza bakuli zima, akaegemea kiti chake cha kibarazani na binokula bado shingoni, na usingizi ukamchukua. Asante Mungu. Asante hata kwa ukungu.

Basi mmeshajua. Wa kucheka acheke, nimestahili. Ila mkipita hapa nje mcheke kwa sauti ya chini. Mama amelala.