Mlango Wangu wa Mninga Umenianika

Nimeumbuka leo, tena na mlango niliouchagua mwenyewe.

Mnajua nimehamia kwangu, hapa Nsemulwa. Na mnakumbuka baba mkwe alivyosema siku alipofika kule nilikopanga, akakuta chumba kimegawanywa kwa pazia: "Binti yangu anaishi nyuma ya kitambaa?" Neno lile lilinikaa rohoni. Nilipojenga, nilihangaikia milango kuliko paa. Vyumbani nikaweka milango ya flashi, chooni alumini. Mbele, mbao ya mninga mtupu, umepigwa vanishi mpaka unajiona sura. Kila asubuhi naukagua kama ng'ombe mnadani.

Fundi alipoondoka nikaongeza na kile kitundu chenye kioo, cha kuchungulia mgeni kabla hujamfungulia. Nikakifunga mwenyewe (kazi ndogo kama hiyo hainishindi). Nikatoka nje kukijaribu. Nikaweka jicho: sebule yote naiona, makochi, tivii, mpaka mke wangu anakunja nguo. Nikamwambia kwa sauti, "Mama Esta, hiki kitu kinaona mpaka kona." Nikaridhika kabisa.

Leo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Usevya kuiona nyumba. Mama Esta yuko uani anapika kuku. Mimi niko sebuleni, na bukta, taulo begani, nafanya mazoezi ya kumpokea mzee. Nikajifanya ndiye yeye. Mikono nyuma, tumbo mbele, hatua za polepole. Nagonga mlango kwa kidole, nashika kidevu: "Mmh. Huu ni mninga." Halafu narudi kuwa mimi, nainama kidogo: "Ndiyo, baba. Pazia tuliliacha."

Ilinoga, nikarudia. Mara ya tatu nikaweka na kikohozi chake.

Nikasikia mtu anacheka nje, kisha, "Hodi humu."

Sikufungua ovyo. Mwenye nyumba yake anachungulia kwanza. Nikaweka jicho kwenye kitundu: giza. Nikafuta kioo kwa taulo, nikaweka tena. Giza likapepesa.

Nikafungua. Baba mkwe ameinama, jicho bado liko usawa wa kitundu. Nyuma yake mama mkwe kaziba mdomo kwa khanga. Mama huyu, kwa adabu ya ukwe, hajawahi kunitazama usoni tangu nimuoe binti yake. Leo kanitazama na bukta (walikuwa wanapokezana zamu, mzee kanieleza mwenyewe, wala sikuuliza).

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Endelea tu, ulikuwa unaniweza. Ila kikohozi changu si kikubwa hivyo."

Nikakimbilia shati. Niliporudi, mzee amesimama mlangoni. Mikono nyuma, tumbo mbele. Akagonga kwa kidole, akashika kidevu.

"Mmh. Huu ni mninga."

Akanikazia macho. Ananisubiri niseme ya kwangu. Ningefanyaje?

"Ndiyo, baba. Pazia tuliliacha."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya kula, mzee alitamka mbele ya wote kwamba sasa binti yake ana mlango. Nimefurahi jamani, siwezi kuficha, kifua hakishuki mpaka sasa hivi. Kitundu nimekigeuza.

Nyie msinicheke. Ila tuseme ukweli, lile pazia lilikuwa linanisitiri.