Sauti ya Alfajiri Kigongo

Jumamosi, 6 Juni 1998

Leo ni siku kubwa. Kubwa mno! Naandika kwa kalamu nyekundu.

Mimi, Josephat Maige, mtangazaji wa kipindi cha "Pazia" cha Redio Miamba, nimepata mzimu. Si tetesi. Mzimu wenye anwani.

Redio yetu ina mwaka mmoja na nusu. Ghorofa ya tatu, Nyamagana, juu ya duka la magodoro. Kila Jumamosi saa nane mchana watu wanakuja kusimulia waliyoyaona, yasiyoelezeka. Kipindi kilikuwa changu peke yangu mpaka Machi, Bi Kokulinda, mkurugenzi wetu, alipomwajiri Mwalimu Severine. Mstaafu wa fizikia kutoka Bukoba. Kazi yake ni kuuliza maswali hewani. Ameshaniharibia mizimu sita! Jini la Mkuyuni lililokuwa likilia ukutani, kasema ni bomba la maji. Mafundi wakaenda kulikaza. Likanyamaza. Aibu.

Leo amekuja Dorotea, mkulima wa viazi kutoka Kigongo, kule kwenye kivuko. Mama wa miaka arobaini hivi. Mumewe, Shimba, alikwenda kuvua sangara miaka minne iliyopita. Mtumbwi ulikutwa umenasa kwenye magugu maji, mtupu. Tangu hapo, alfajiri ziwa likitulia, anamsikia akiita kutoka majini. Dorotea ana jiwe lake pale ufukweni. Anakaa juu yake, anamjibu.

Alisimulia polepole, bila kulia. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, na visiwa vya magugu vilikuwa vinapita taratibu, kama watu wanaohama bila kuaga. Nilisahau kusoma tangazo la sabuni.

Mwalimu akamuuliza huyo mume husema nini. Dorotea akajibu kwamba mengi hayashikiki, ila maneno mawili huja wazi kabisa: Bado wawili.

Bado wawili! Nywele zilinisimama. Nikawatafsiria wasikilizaji papo hapo: ziwa linataka roho mbili zaidi. Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Wivu huo.

Jumatatu, 8 Juni

Barua kumi na saba! Nyingine zimekuja kwa mkono.

Pia kuna habari isiyopendeza. Jana Kigongo kila mtu alikuwa tayari kuvuka, lakini hakuna aliyetaka kuwa miongoni mwa wawili wa mwisho kupanda. Abiria walisukumana gatini hadi jua likawa kali. Mwishowe wakapandishwa mbuzi wawili, ndipo watu wakatulia.

Bi Kokulinda aliniita. Dakika tano alinifokea. Dakika tano alisoma barua huku anatabasamu. Kisha akatoa hukumu. Kombe la Dunia linaanza keshokutwa huko Ufaransa, na wadhamini wanataka saa yangu iwe ya uchambuzi wa mpira. Niende Kigongo na Mwalimu, nirudi kabla ya Jumamosi.

"Nataka jibu, Maige," alisema. "Si moshi."

La sivyo, "Pazia" linafungwa. Nitaleta vyote viwili, jibu na moshi.

Jumanne, 9 Juni

Tumefika Kigongo. Mwalimu amebeba kipimajoto, dira, uzi na daftari. Mimi nimebeba kinasa sauti cha ofisi, kaseti nne na kofia.

Dorotea ametupa chumba cha uani. Mwalimu amepewa kiti chenye mgongo. Mimi nimepewa kinu kilichogeuzwa. Sikusema kitu, ila nimeandika hapa.

Jioni alitupeleka kuliona jiwe. Kubwa, la kijivu, limeinama kuelekea majini. Mahali anapokaa pameng'aa kwa kukaliwa. Mwalimu alipaona, akapagusa kwa kidole. Mimi nilikuwa natazama jiwe la pili, la nyuma. Linaweza kumficha mtu mzima. Akili ya mtangazaji hailali.

Mbali ziwani kilisimama kitu kama moshi mweusi, kirefu, kinatembea juu ya maji bila haraka. Nilisema hizo ni roho. Mwalimu alisema ni wadudu. Nikamgeukia Dorotea anitetee. Akasema ni wadudu.

Jumatano, 10 Juni

Alfajiri tulikuwa jiweni. Upepo. Mawimbi madogo yanapiga piga. Hakuna sauti. Mwalimu aliandika, "Upepo, nyuzi ishirini na moja, kimya," kwa furaha, kana kwamba kimya nacho ni samaki wa kuvuliwa.

Dorotea alizungumza hata hivyo. Aliyaambia maji kwamba viazi vimechimbwa, vimekatwa, vimeanikwa. Kwamba Limi, binti yao, amepita mtihani. Kwamba paa limeanza kuvuja upande wa jikoni, lakini asihangaike huko aliko. Nilijiona kama nimeingia chumbani kwa watu bila kupiga hodi. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu nikakumbuka saa nane mchana ya Jumamosi. Na mpira.

Mchana nimekwenda kwa fundi bati. Nimemwagiza faneli kubwa, mdomo mpana, shingo nyembamba. Akauliza ni ya mafuta? Nikamwambia ni ya taaluma. Huu si udanganyifu. Marehemu amezidiwa na upepo. Namsaidia tu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimelowa. Nimechubuka goti. Lakini nimesikia! Nitaandika kwa mpangilio.

Nilitoka kabla yao. Nikapanda jiwe la pili kwa upande wa nyuma na faneli yangu, kinasa sauti kifuani. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Ukungu umelala juu ya maji, na maji hayakutikisika hata kidogo, mpaka sikujua ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Dorotea akaja, akakaa. Mwalimu akasimama pembeni na kipimajoto.

Nikaanza, kwa sauti ya kaburini.

"Doroteaaa... bado wawiliii..."

Kisha Dorotea, bila hata kugeuka:

"Maige, shuka hapo. Jiwe hilo linateleza."

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mama huyu hunisikiliza kila Jumamosi. Sauti yangu inajulikana mkoa mzima! Hata kwenye fedheha nilijisikia fahari kidogo, na katika kujisikia fahari mguu ukateleza kweli. Faneli ilitangulia. Nikafuata. Magugu hadi kifuani, maji baridi, kinasa sauti ndani.

Mwalimu alikuwa ananinyooshea mkono anivute. Hapo ndipo ikaja.

"Bado wawili! Bado wawili!"

Mwanamume. Mbali, sauti nyembamba, lakini safi, kama mtu anayetembea juu ya maji hatua hamsini kutoka hapo. Ng'ombe waliokuwa wanakunywa wakainua vichwa, maji yanawadondoka midomoni. Haikuwa na mwangwi. Ilipita juu yetu, ikaenda zake milimani.

"Tupo, Baba Limi," Dorotea akasema taratibu. "Tupo."

Nilikuwa ndani ya ziwa, natetemeka, na sikutaka kutoka. Mwalimu hakuandika kitu. Kalamu ilikuwa mkononi, mdomo wazi.

Jua lilipochomoza ikakoma.

Baadaye. Nilimwambia Mwalimu nimeshinda. Alikaa uani hadi saa nne, anachora. Kisha akamwomba Dorotea asikilize, akasema kwa adabu, kama anayemwambia mgonjwa. Alfajiri isiyo na upepo, hewa ya baridi hulala juu ya maji, na hewa ya joto huifunika kama blanketi. Sauti inayotaka kupanda hurudishwa chini. Inateleza juu ya maji mpaka inafika mbali kuliko kawaida, hata ng'ambo hadi ng'ambo. Na ng'ambo ya hapa ni Busisi, ambako alfajiri magari ya Sengerema na Geita hujaza abiria.

Akaishia hapo. Mimi bado nilikuwa natafuta mzimu kwenye mchoro.

Dorotea alielewa kabla yangu.

"Mpiga debe," alisema.

Bado wawili. Viti viwili. Miaka minne!

Mwalimu akaharakisha kusema kwamba huyo anaweza kuwa mtu yeyote, kwamba sikio lenye majonzi hujichagulia sauti. Dorotea aliingia ndani, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge alichokuja nacho redioni.

"Mwalimu, hayo ya hewa unayajua wewe," alisema. "Sauti ya mume wangu naijua mimi. Kesho tunavuka."

Ijumaa, 12 Juni

Tumevuka. Dorotea alisimama mbele kabisa, ameshika chuma. Magugu yalikuwa yamefunguka njiani, yana maua ya zambarau, na tulipita katikati yake kimya, kama tunaota ndoto moja watu watatu.

Busisi. Magari mawili, vumbi, wauza samaki wa kukaanga. Chini ya turubai la kibanda cha chai, mtu mrefu mwenye kipaza sauti cha bati mdomoni.

"Sengerema, Geita! Bado wa..."

Akamwona. Kipaza sauti kikashuka chenyewe.

"Dorotea."

"Maliza," Dorotea akasema. "Watu wanachelewa."

Hakuweza kumaliza. Gari likaondoka na viti viwili vitupu. Tukakaa kwenye benchi. Shimba aliongea akitazama chini. Mtumbwi ulipinduka, wavuvi wa upande huu wakamwokota. Alikuwa mgonjwa wiki tatu. Alipopona alisikia kwamba kwake wameshamlilia, matanga yameshaanuliwa.

"Nikasema nitarudi kesho," alisema. "Nikaona haya. Nikasema tena kesho. Zikawa nyingi."

"Mimi nilikuwa nakujibu," Dorotea akasema. "Kila alfajiri uliyoita."

"Ulikuwa unanijibu nini?"

"Kwamba tupo."

Shimba alijifunika uso kwa mikono. Mwalimu akaenda kununua chai ambayo hakuna aliyeihitaji. Shimba akainuka, akasaidia kuosha vikombe. Mimi, ninayelipwa kwa kusema, nikampa mkono tu. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Dorotea akasimama. Alimwambia Limi yuko darasa la saba, na kwamba akitaka kumwona anajua nyumba ilipo, aje kwa mlango wa mbele, mchana. Akatuita tuondoke.

Kwenye kivuko aliongea mara moja tu.

"Sasa najua alikuwa anaita nani," alisema. "Si mimi." Akayageuzia maji mgongo. "Kesho nitalala hadi jua litoke."

Tuliposhuka akatuomba jambo. Tusitangaze kwamba Shimba yuko hai. Limi aambiwe na mama yake, si na redio. Mwalimu akaahidi mara moja. Nikashangaa: mtu anayeishi kwa kusema ukweli! Akanikanyaga mguu. Nikaahidi na mimi.

Jumamosi, 13 Juni

Kipindi. Mwalimu alieleza habari za hewa baridi na hewa ya joto. Akasema sauti ya Kigongo ni ya mpiga debe wa Busisi, mtu mwema anayefanya kazi yake, na kwamba abiria wavuke kwa amani, hata wawili wa mwisho. Hakutaja jina. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha sauti hakuwahi kuisikia kama alivyoisikia Alhamisi, na kwamba kuijua sababu hakukumpunguzia kitu. Fundi mitambo alitoa vifaa vya masikioni, akabaki anatazama dirishani.

Mimi nilinyamaza dakika nzima hewani. Wasikilizaji wakadhani mitambo imekufa.

Bi Kokulinda ameridhika. Hata hivyo mpira umechukua saa yangu mpaka fainali ipite. Anasema Mwalimu apewe kipindi chake mwenyewe, asubuhi, cha wanafunzi. Mimi nisome matangazo ya vifo.

Na kinasa sauti kinatoa maji kila kikigeuzwa.

Jumapili, 14 Juni

Nimelala chali mchana kutwa, natazama dari. Nimetafakari sana wiki hii. Nimekua. Mtu hawezi kusikia alichosikia akabaki vilevile.

Nimefikia mahali pa kutisha.

Mtumbwi ulikutwa mtupu. Kweli. Watu walimlilia, matanga yakaanuliwa. Kweli. Mkono wake nilioushika ulikuwa baridi kama chura. Kweli tupu, ninao ushahidi, mkono ni huu hapa! (Alikuwa ametoka kuosha vikombe. Hilo ni jambo dogo la kiufundi.) Na kivuli? Nilimtazama tangu tunafika mpaka tunaondoka, hakuwa na kivuli hata chembe. (Kulikuwa na turubai. Wasikilizaji hawahitaji kujua habari za turubai.)

Tumekuwa tukitafuta mzimu majini, kumbe umesimama Busisi unajaza magari! Nimemwandikia Bi Kokulinda barua ya kurasa sita. Kichwa cha kipindi: "Abiria, Mnapakiwa na Nani?" Nimeomba na faneli mpya.

Dhamiri yangu ni safi. Nilimwahidi Dorotea sitatangaza kwamba mumewe yuko hai, na mimi nikiahidi nimeahidi. Sitasema yuko hai.