Mgeni Rasmi wa Safari ya Malaga

Wallahi haya ni kweli tupu. Akitokea wa kunikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, chai na sambusa za meza hii nzima juu yangu.

Hapa hapa Sparkbrook, Birmingham, kuna kijana aitwaye Haidari, mtu wa Unguja, mrefu, nywele zimemjaa kichwani kama msitu. Kazi hana, ulimi anao. Siku moja yumo kwenye basi la Stechford, akawasikia wanawake wa Kikenya, manesi na walezi wa wazee, wakipanga safari. Chama chao kimejichangia, kinakwenda Malaga, Hispania. Wanachohofia ni lugha na chakula.

Haidari akageuka taratibu, kama mtu aliyetoneshwa kidonda cha mapenzi. "Malaga," akasema. "Mji ulionilea. Mkienda hivi hivi, dada zangu, mtakufa njaa na hoteli mnaiona."

Kabla basi halijafika, alikwisha kuwa mwalimu wao. Ada hakutaka. Alitaka kiti kimoja tu cha ndege, awaongoze. Mvua ya Birmingham ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa, na jua alilitamani kama mfungwa anavyotamani lango. Hispania yenyewe aliijua kwa kuitazama kwenye simu.

Masomo yakaanza sebuleni kwa Magdalene, mwenyekiti wa chama. "Hola" na "gracias", yaani salamu na asante, ziliisha siku ya kwanza. Siku ya utamaduni alijilaza kwenye kochi akakoroma mpaka chai ikapoa. "Hiyo ndiyo siesta," akawaambia alipoamka. "Somo la vitendo." Siku ya mapishi akawapikia paella, yaani pilau ya kwao iliyotiwa manjano na kamba.

"Mwalimu," akasema Brigid, mlezi wa wazee ambaye mchango wake haukutosha tiketi, ila alikuja darasani ili naye ainuse safari, "hii Spain mbona ina iliki hivi?"

"Waarabu waliitawala, mama. Walipoondoka, iliki wakaisahau."

Magdalene akaionja kijiko kimoja. Alimwongezea mwalimu sahani, kisha akamwambia, "Jumamosi tunaagana kwenye ukumbi wa kanisa. Tunaomba uwe mgeni rasmi."

Moyo wa Haidari ukavimba kama andazi. Mgeni rasmi aliyemjua yeye huketi mbele, hunywa maji baridi, na hurudi nyumbani na zawadi. Hakujua kwamba kwenye harambee ya Wakenya mgeni rasmi ndiye mbuzi wa karamu.

Jumamosi akaingia na mkanda mwekundu kiunoni, mithili ya mcheza na mafahali. Vigelegele. Magdalene akashika kipaza sauti.

"Leo tunamchangia Brigid wetu, naye apande ndege. Na vile mnajua, mgeni rasmi ndiye hufungua mchango."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Haidari akajipapasa mifukoni, akatoka na pipi ya mnanaa. "Mimi... nitatoa dua," akasema.

Hakuna aliyeitikia amina.

"Mwalimu wetu ana haya," Magdalene akamwokoa, au ndivyo ilivyoonekana. "Malaga ameizoea, ni kwao. Anampa Brigid kiti chake."

Ukumbi ukalipuka kwa nyimbo. Brigid akamwangukia shingoni akilia, na nani atamnyang'anya tiketi mama wa watu anayemlowanisha kola? Katika Kihispania chake chote Haidari akapata neno moja. "Gracias," akasema, kinyonge.

Magdalene akamwinamia sikioni. "Pilau naijua, Mwalimu. Nimelelewa Mombasa."

Ndivyo ilivyokuwa. Wenzake wakaenda kuota jua, yeye akabaki Ladypool Road anatazama mvua.

"Na huyo Haidari yuko wapi siku hizi?" akauliza Mwanamize, mwenye mkahawa, jagi la chai mkononi.

"Amehamia Kanada," nikamjibu.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wanawake wawili, nyuso zinang'aa kwa jua lisilo la Birmingham.

"Mwalimu Haidari, kumbe uko huku?" Yule mkubwa akanikumbatia mpaka kofia yangu ikaanguka chini, kisha akanitia kifurushi mkononi. "Zafarani hii, ya Malaga. Angalau uione."

Mwanamize akakitazama kichwa changu, kinavyomeremeta chini ya taa.

"Huo msitu umefyekwa lini, babu?"

Nikaiokota kofia. "Chai na sambusa, meza nzima," nikasema. "Na kina mama hawa wasogezee viti."