Muuza Mapazia Anataka Kurusha Ndege

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nimedhalilishwa mbele ya watu kwenye uzio wa uwanja wa ndege, tena na mtu aliyenipa mgongo.

Ilikuwa hivi. Baada ya kufunga duka nilipanda kile kilima chetu kando ya uzio, pale tunaposimama sisi wapenzi wa ndege kuziangalia zikitua. Ikaja ndege ya mizigo. Nikatangaza aina yake kwa sauti, kama kawaida yangu. Darubini hata hakugeuka. (Darubini ndivyo tunavyomwita yule mzee aliyekuwa akiuza miwani, kwa sababu ya darubini yake kubwa kama bomba la maji taka.) Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akasema sivyo, hiyo ni dada yake mkubwa, nisikilize injini. Ndege ikatua. Alikuwa sahihi! Wenzetu wakapiga makofi. Halafu akaongeza kwamba mimi naangalia ndege kama kuku anavyoangalia lori. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Nimeapa. Ndiyo, nina miaka arobaini na sita, nauza mapazia, na kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni. Haidhuru. Darubini anazijua ndege zote ila hajawahi kurusha hata moja. Mimi nitajifunza urubani. Siku moja nitapita juu ya kilima kile, chini kabisa, mpaka kofia yake iruke.

Mke wangu sitamwambia. Atauliza maswali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuza pikipiki. Iliniuma, lakini rubani hapandi pikipiki. Ameichukua muuza nyama wa mtaa wa nyuma, nami nikaenda moja kwa moja kulipia masomo kwenye klabu ya urubani.

Klabu yenyewe ni banda la mabati lenye ndege ndogo ya viti vinne, bawa moja limeegemezewa fagio. Mkufunzi ni mwanamke. Mdogo kuliko shemeji yangu! Nilimtafuta mkufunzi kwa macho huku nikiongea naye. Aliponyoosha mkono nikampa mfuko wangu aniwekee. Kumbe ndiye. Akaniangalia juu chini, akaniambia mambo mawili. Kwanza, Jumamosi ya wiki ijayo nitapandishwa juu kuonja, naye akiwa pembeni yangu. Pili, kabla ya masomo yenyewe lazima nipimwe na daktari wa marubani. Nikamwambia mimi nina afya ya simba. Akasema simba naye angepimwa.

Nyumbani mke wangu ameuliza pikipiki iko wapi. Iko kwa fundi. Fundi gani? Fundi mpya. Yuko wapi? Anahamahama.

Aliendelea kukanyaga cherehani yake. Yeye ndiye mshonaji wa mapazia ninayoyauza, na akinyamaza huwa anakanyaga kwa nguvu zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Moyo mzima, masikio mazima, presha ya kijana. Nikaanza kujiona kwenye sare. Kisha daktari akatoa kitabu chenye picha za vidoa vidoa, akasema ndani ya kila duara kuna namba, nimtajie. La kwanza niliona vizuri kabisa: kumi na mbili. Akafunua la pili. Vidoa. Nikasubiri namba itokeze. Haikutokeza. Nikasema nane. Akafunua la tatu. Nikasema nane. La nne, nane tena, kwa kujiamini zaidi. Daktari akasema hapo hakuna namba yoyote.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza mapazia.

Aliweka kalamu chini. "Mapazia ya rangi?"

"Rangi zote," nikamjibu. "Miaka ishirini sasa."

Alinitazama kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha akanieleza taratibu kwamba macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Nilizaliwa hivyo. Nikamwambia haiwezekani, nyekundu naijua, ni ile ya nyanya. Akasema naijua nyanya, siyo nyekundu.

Nimembembeleza. Nimesema nimechoka, sijala, ni vumbi. Akaniambia nirudi Jumanne, atanipima tena. Nadhani alitaka tu nitoke.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani sijauza hata kitambaa cha mto. Nimekaa mbele ya majora ya vitambaa nikiyatazama kama mtu aliyegundua kwamba ndugu zake si ndugu zake.

Yamenirudia yote. Yule bibi harusi aliyelia ukumbini. Wale wa hoteli walioagiza madirisha yote yafanane. Yule mchungaji aliyerudisha mapazia mara tatu, mara ya nne akaja na mzee wa kanisa kama shahidi. Nami nilibishana nao wote! Yule bibi harusi nilimwambia hana jicho la rangi. Mimi! Nilimwambia yeye!

Miaka yote hii nilidhani binadamu hana shukrani.

Jioni nilipanda kilimani, nikateremka kabla Darubini hajafika.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata mpango! Kitabu ni kile kile. Namba ni zile zile. Kwa nini nizione, wakati naweza kuzikariri?

Tatizo moja: mtu pekee ninayemjua mwenye kitabu hicho ni aliyewahi kuuza miwani. Nimejikaza kisabuni, nimekwenda kwa Darubini. Nimemwambia ni kwa ajili ya shemeji yangu, anaomba kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema ya kupaka rangi. Amenipa kitabu bila neno, ila alinisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na akaniambia nimpe pole shemeji.

Shemeji mwenyewe, mdogo wa mke wangu, amekuja kututembelea tangu mwaka juzi. Hulala kwenye sofa letu mpaka jua linapoanza kumchoma miguu. Nimemwamsha, nikamwapisha asimwambie mtu, nikamwomba anisomee namba ukurasa kwa ukurasa. Aliona zote, mtu ambaye hajawahi kuona vyombo vichafu! Kila mara alikuwa akiuliza, "Shem, na hii huioni? Hii hapa? Kubwa hivi?" Nimemeza. Nimekariri nikipiga mswaki, nikikoroga chai, nikiwa chooni. Mke wangu amenigongea mlango akauliza naongea na nani. Nikasema nahesabu dari.

Jumanne, 11 Machi

Daktari alifungua kitabu kutokea nyuma.

Nilizitaja namba zote kwa mpangilio, bila kusita, kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Hakuna hata moja iliyoangukia ukurasa wake. Pale penye mistari tu ya kufuata kwa kidole, nilitamka sabini na nne kwa sauti nzito. Daktari alivua miwani akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo iliponiuma.

Akaniambia nisikilize vizuri. Uwanja wetu mdogo ule, redio ikizimika angani, rubani anaongozwa kwa taa kutoka kwenye mnara. Nyekundu, usitue, njia ina mtu. Kijani, tua. "Ukikosea wewe," akasema, "hutakufa peke yako, mzee wangu. Kuna mtu atakuwa anavuka pale chini na ndege yake, anawaza chakula cha mchana."

Muhuri aliogonga kwenye karatasi yangu sijui ni wa rangi gani. Sikumuuliza.

Nimerudi kwa miguu. Pikipiki sina, urubani sina, na mapazia nayo sasa sina uhakika.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amekutana na pikipiki yetu. Muuza nyama alikuwa ameipanda, nyuma amefunga mguu wa ng'ombe. Alipoulizwa, akasema nimemuuzia mimi mwenyewe, na inamfaa sana, Mungu ambariki.

Niliporudi cherehani ilikuwa kimya. Nikajua yamenifika shingoni. Nikasema yote: klabu, daktari, vidoa, kukariri. Nilitegemea kurushiwa sahani. Badala yake akaniuliza kama ndiyo kwanza nimejua sasa kuhusu macho.

"Kujua nini?"

"Rangi. Kwamba huoni rangi."

Akasema yeye amejua tangu tunachumbiana, siku nilipomletea gauni nikamsifia jinsi wekundu wake unavyompendeza, na lilikuwa kijani kama bamia. Alilivaa. Mama yake alimuuliza kijana huyu ana nini. Tangu hapo, kila jora nililolileta nyumbani likiwa si la rangi iliyoagizwa, yeye huenda kimya kimya kwa tajiri wa duka la vitambaa tunakonunua akalibadilisha kabla ya kushona. Aliyowahi kuyakosa ni machache tu: yule bibi harusi, hoteli, na mchungaji. Wiki hizo alikuwa mgonjwa.

Tajiri anajua? Anajua. Shemeji? Anajua. Majirani?

"Baba watoto, hata mtoto wa chekechea hapo chini anajua. Ulimwambia apake mti rangi, ukampa penseli nyekundu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Aliangalia mikono yake. Akasema mwanzoni alidhani najua ila naona aibu. Baadaye aliona ninavyojisifu kwa wateja kuhusu jicho langu, na ninavyorudi nyumbani nimefurahi, akashindwa.

Hakunipigia kelele hata kuhusu pikipiki. Afadhali angepiga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza mteja kitambaa alichoshika ni cha rangi gani. Akadhani namjaribu. Akajibu kwa woga, "Zambarau?" Nikamwambia sawa kabisa. Akanunua. Nimejiona mwizi.

Klabu wamesema fedha hairudishwi, ila masomo yanaweza kutumiwa na mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Nimecheka kwa uchungu. Nani? Shemeji? Atalala angani.

Jumamosi, 15 Machi

Safari ya kuonja ilikuwa palepale, haihitaji cheti cha daktari. Mke wangu amesema haniachi niende peke yangu na huzuni ile. Akavaa viatu vya harusini akakaa kiti cha nyuma.

Nimeruka! Acha niliandike vizuri. Ardhi ilituachia tu, kama mtu aliyechoka kushika. Nyumba zikawa sabuni, kisha njugu. Mke wangu nyuma yangu alikuwa akipiga kelele jinsi mapaa yanavyowaka katikati ya miti. Mimi sikuona kitu kikiwaka. Niliona mapaa, niliona miti, na vyote vilikuwa vizuri. Kisha mkufunzi akaachia usukani wake, akaniambia sasa ndege ni yangu. Niliishika. Ilinisikiliza! Kwa muda huo mfupi sikuwa muuza mapazia, sikuwa mtu wa kuhurumiwa na mtaa mzima.

Halafu nikaangalia chini, nikatapika. Kwenye tai yangu, kwenye vyombo vya kuonyesha kasi, na kidogo kwenye mkufunzi.

Alipomaliza kujifuta alitua kwanza. Nikahamishiwa kiti cha nyuma na mfuko wa plastiki, na kwa kuwa muda tuliolipia ulikuwa haujaisha, mke wangu akakaribishwa mbele ajaribu. Nikafumba macho. Nikasubiri mtikisiko. Hakuna. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ameinamia usukani, midomo ameibana vile vile anavyoibana akishona pindo refu la pazia, na ndege inakwenda imenyooka kama uzi. Mkufunzi alikuwa amekunja mikono kifuani. Alisema hajawahi kuona mkono uliotulia namna hiyo kwa mtu wa siku ya kwanza.

Tuliposhuka mke wangu alitembea nami mpaka kituo cha basi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, yale masomo yaliyolipiwa yanaanza lini.

Jumatano, 19 Machi

Daktari amempima mke wangu. Ametaja namba zote kabla daktari hajamaliza kufunua kurasa. Daktari amemwambia amsalimie mume wake, kisha akakumbuka nimekaa palepale.

Jumamosi, 22 Machi

Somo lake la kwanza. Nilibeba mfuko wake. Darubini alikuja kwenye uzio, akamvulia kofia. Alinieleza, bila kunitazama, kwamba yeye aliwahi kulipia masomo akiwa kijana na akashindwa kupanda ngazi ya ndege kwa hofu. Alisema hajawahi kumwambia mtu. Nikamwonea huruma, na nikamchukia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Mke wangu alipita juu yetu, chini kabisa. Kofia aliyokuwa nayo Darubini mkononi haikuruka. Yangu iliruka.

Nilipiga makofi. Nililia pia, lakini ni upepo.

Jumanne, 25 Machi

Nimekaa nimefikiri kwa utulivu. Nimekubali. Mimi si rubani na sitakuwa. Mtu mzima hujua mipaka yake.

Mchana amepita dukani askari mstaafu, anatafuta pazia la bafuni. Tukaongea. Kumbe anga lina mlango mwingine! Kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Nikamuuliza kama wanapima macho. Akacheka, akasema wengi huruka wamefumba. Anao mwavuli wake wa zamani, hauna kazi. Kamba kadhaa hazipo, ila amenihakikishia hizo zilikuwa za akiba. Tumebadilishana na sofa. Shemeji nimemweleza kwamba sakafu ni nzuri kwa mgongo.

Kinachobaki ni ndege, na ndege ipo: Jumamosi mke wangu ana somo, na mkufunzi ameniruhusu nikae nyuma iwapo nitaleta mfuko wangu mwenyewe. Nitaleta mkubwa.

Mke wangu bado sijamwambia. Nitamwambia tukiwa juu.