Jedwali la Mstari Mmoja

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Madamu Pudentienne, mwenye duka letu la kuchapa kadi hapa mtaani Biryogo, ametangaza leo: atakayetoa kadi za harusi ya binti yake bila kosa ndiye mkuu wa kompyuta. Tuko wawili tu, mimi na Annick. Cheo ni changu, basi.

Shida ni ndogo. Orodha ya maharusi na wageni imetoka parokiani, na faili inataja usimbaji wake, yaani namna herufi zilivyohifadhiwa. Inauita ISO-8859-1. Lugha yetu ya programu inaujua kama latin1 tu. Kitu kilekile, kama mtu mwenye jina la nyumbani na jina la ubatizo.

Jumanne
Annick anaandika jedwali la tafsiri ya majina ya usimbaji: jina la kwenye faili, jina la kwenye lugha yetu, moja baada ya jingine. Majina zaidi ya mia! Masikini. Langu lina mstari mmoja: jina lolote la usimbaji usilolijua, liite UTF-8, ule usimbaji unaotumiwa zaidi siku hizi. Nimemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Jumatano
Nimefanya majaribio, mimi si mzembe. Nimeandika Maneno, ndilo jina langu. Safi. Twizeyimana, jirani. Safi. Mtaa mzima umepita. Annick akauliza kama nimejaribu majina ya Kifaransa. Nikamwambia wivu haujengi. Kadi mia tatu zikaingia mashineni.

Alhamisi
Madamu ameitazama kadi. Kisha, kwa upole: "Huyu R?gis iko nani, Maneno?" Ni Régis, bwana harusi. Mjomba wake Évode naye amekuwa ?vode. Majina ya mtaani kwetu hayana vialama juu ya herufi, kwa hiyo husomeka sawa kwa usimbaji huu au ule. Ya Wakatoliki yamejaa. Nimeona aibu, nakiri. Nikapendekeza bwana harusi atumie jina lake la Kinyarwanda tu. Madamu akaagiza kadi za Annick.

Ijumaa
Annick ndiye mkuu. Kadi zake hazina doa. Nimebakiziwa nafasi moja: kadi za komunyo ya kwanza, parokia nzima. Annick akanipa jedwali lake nilitumie. Nikamshukuru, nikalifungia kwenye droo.

Maana kosa nimelijua. Nilichagua UTF-8. Kuanzia sasa, jina lolote lisilojulikana litaitwa latin1.

Nimejaribu kwa jina langu. Safi.